Balozi na Mtu wa Ndani

Kwanza tuelewane: Balozi hakuwa balozi. Hakuwa hata mfagizi wa ubalozi. Jina hilo alipewa na rafiki yake kinyozi kwa sababu ya suti ya kijivu aliyoivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha, na kwa sababu ya kupenda kusema "sisi tuliokaa nje", ilhali nje pekee aliyowahi kukaa ni nje ya jengo la uwanja wa ndege, siku alipomsindikiza mkewe. Mwenyewe alijua kuwa ni mwongo, tena alijisifu kwa kulijua hilo. Waongo wabaya, alikuwa akijiambia huku akinyoosha tai mbele ya kioo cha kinyozi, ni wale wanaofika mahali wakayaamini maneno yao wenyewe. Hao hawafai kwa kazi ya watu wazima.

Asubuhi ile fursa ilipomtokea, alikuwa kwenye duka la intaneti, amekwenda kuchapisha kadi za biashara ambayo alikuwa bado hajaamua ni biashara gani. Akakuta watu wamezizunguka kompyuta kimya kimya, nyuso zimewashuka. Kijana mwenye tai amelaza paji la uso juu ya vitufe. Mama mmoja anasali. Kando yao muuguzi aliyevaa sare nyeupe, saa imening'inia kifuani, anafuta machozi kwa mgongo wa mkono na kutazama tena skrini, kama vile namba zingemwonea huruma zikabadilika.

Balozi akauliza kulikoni. Akaambiwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza yametoka, ule wa wanaotaka kwenda kusoma au kufanya kazi ughaibuni. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu ina alama zake. Mtihani wenyewe haumfelishi mtu, akaelezwa. Unampa alama tu, kisha chuo au mwajiri wa huko aendako ndiye anayesema zinatosha au hazitoshi. Muuguzi yule zilimtosha zote isipokuwa za kuandika, zilizopungua nusu. Na ada ya kurudia haikuwa ya kuokota njiani.

"Nusu alama," muuguzi akasema, bila kumwambia mtu yeyote. "Ningekuwa na mtu ndani, hiyo nusu ingekuwa kitu gani?"

Mtu ndani. Balozi akasahau kadi zake. Sikio la kulia lilisikia kilio cha mwenzake na moyo ukamuuma kweli, hatumsingizii. La kushoto lilisikia biashara, na kwa bahati mbaya sikio la kushoto ndilo lililokuwa zima zaidi.

Kabla wiki haijaisha alikuwa amekodi chumba cha nyuma ya kinyozi, chenye benchi mbili, ubao, na ramani ya dunia ambayo panya walikuwa wamemega bara zima. Juu ya mlango akaandikisha: KITUO CHA KIMATAIFA CHA KIINGEREZA. Ada ilikuwa nzito, lakini ndani yake kulikuwa na ahadi ambayo hakuna mwalimu mwingine mjini aliyeweza kuitoa. Ahadi yenyewe aliitoa kwa kunong'ona, mlango umefungwa, baada ya kuchungulia dirishani kana kwamba serikali nzima imesimama nje inamsubiri.

"Mimi nina mtu ndani," alikuwa akisema. "Wewe fanya mtihani wako, yeye atakusukuma. Ukifeli, pesa yako unarudishiwa yote. Mimi sili jasho la mtu."

Sasa utazame ufundi, maana hata utapeli una kanuni zake. Mtu wa ndani hakuwapo. Karatasi za mtihani zilifungwa na kupelekwa kusahihishwa mbali, na watu wasiojua hata mji huu uko upande gani wa ramani, mazungumzo yalirekodiwa, mpita njia hakuruhusiwa hata kusogelea mlango. Yote hayo Balozi aliyasoma kwenye kijitabu cha maelekezo kinachotolewa bure, ambacho wateja wake hawakukisoma kwa sababu kilitolewa bure. Kazi yake yeye ilikuwa kukaa. Kati ya waliomlipa, wapo ambao wangefanya vizuri kwa vichwa vyao wenyewe. Hao walirudi wakamkumbatia, wakamletea na jamaa zao. Wengine aliwarudishia pesa huku akilaani jinsi "mambo ya ndani" yalivyoharibika, nao wakaondoka wakimsifu kwa uaminifu. Kila mtu aliridhika. Kuna siku Balozi alijikuta anawaza kwamba hii ndiyo kazi ya halali kuliko zote alizowahi kufanya, akaona aibu kidogo.

Kufundisha alifundisha, ili benchi zisikae bure. Kiingereza chake kilikuwa kingi. Alikiokota redioni, kwenye maboksi ya dawa na kwenye hotuba za wakubwa, na alikitoa kwa kasi, kwa sauti ya tumboni, mpaka msikilizaji akaogopa kuuliza swali. Hakuna mtu aliyewahi kukielewa. Balozi alilichukulia hilo kuwa dalili ya kiwango cha juu.

Kosa lake lilikuwa moja. Muuguzi yule, ambaye kituoni kila mtu alimwita Sista, ndiye aliyekuwa mteja wake wa kwanza. Alikopa kwa wenzake wa wodini, akarudia mtihani, na alama za kuandika zikaja vilevile, nusu pungufu. Akaja kudai chake kwa adabu. Siku hiyo pesa haikuwapo. Balozi alikuwa amemtumia mkewe zawadi, na iliyobaki amenunulia viatu vya kuendana na suti. Angeweza kusema kweli na kuomba apewe muda. Badala yake akavuta kiti, akaketi, akakunja nne.

"Sista, mapatano yetu yalisema ukifeli," akamwambia. "Mtihani huu hauna kufeli. Kasome kijitabu. Wewe umepata alama, tena nzuri. Wanaozikataa ndio wa kuwadai."

Sista hakupiga kelele. Alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayedai ameshakunywa dawa, akaokota mkoba wake, akatoka. Kinyozi, aliyesikia yote kupitia ukuta wa mbao, alimwonya Balozi kwamba anayekudai akinyamaza, huyo ndiye wa kuogopwa. Balozi akacheka. Mjini shule, akasema, na leo Sista amesoma.

Wakati huo mtu wa ndani aliendelea kukua bila msaada wa baba yake. Balozi hakuwahi kumpa sura, maana alijua maelezo mengi huharibu uongo, lakini wateja walimpa. Kwenye kiti cha kinyozi mmoja alisema amemwona, ni mrefu, ana kipara. Mwingine akabisha kwamba kipara anacho, ila urefu hana. Fundi wa makochi akaapa kuwa binamu yake alipanda naye lifti moja, na kwamba hutembea na penseli mbili mfukoni, moja yake na moja ya kuwajazia watu. Balozi, mashavu yamejaa povu, aliyasikia hayo akacheka kichinichini. Ilikuwa raha ya mzazi anayesikia mwanawe akisifiwa shuleni.

Kisha mkewe akapiga simu.

Mke wa Balozi alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee huko ughaibuni. Alikwenda kwa mkataba mfupi, akajikaza, akaongezewa mwingine, na kila Jumapili mchana walizungumza, yeye akiwa mapumzikoni, anatafuna. Mapenzi yao yalikuwa ya kweli. Ni habari tu ndizo hazikuwa za kweli. Balozi alikuwa amemwambia kuwa siku hizi ni mwalimu wa Kiingereza, tena mkuu wa kituo. Siku hiyo mke alilia kwa furaha. Aliwatangazia hata wazee anaowaogesha.

"Mume wangu, wamekubali," akasema. "Unaweza kuja. Hati ya ndoa wameipokea, mshahara wangu wameuona unatosha. Kimebaki kitu kidogo tu, wanataka ufanye ule mtihani wa Kiingereza. Mimi nikacheka. Nikawaambia, huyo si ndiye anayeufundisha?"

Balozi naye akacheka. Alicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ufanye haraka," mke akaongeza, na sauti ikashuka. "Nimechoka kula peke yangu."

Hapo utani ukaisha. Balozi alimpenda mkewe kuliko suti yake, na aliyemjua Balozi na suti ile ataelewa uzito wa maneno hayo. Tangu mke aondoke, chumba chao kimoja kilikuwa kimegeuka kikubwa kupita kiasi, na alikuwa amezoea kula amesimama, mlangoni mwa kinyozi, ili apate wa kuzungumza naye. Alitaka kwenda. Alitaka kwenda kama mtoto anavyotaka kwenda nyumbani. Na sasa njia ya kwenda ilikuwa imepitishwa katikati ya uongo wake mwenyewe: asipofaulu hatamwona mkewe, na juu ya hapo atapaswa kumweleza jinsi mwalimu wa Kiingereza alivyoshindwa na Kiingereza. Mganga hajigangi, ndiyo, lakini wengi wao angalau ni waganga.

Akaenda duka la intaneti kujipima kwa siri, akachagua kompyuta ya pembeni, mgongo ukutani. Akavaa vifaa vya masikioni. Mwanamume na mwanamke wakaanza kuzungumza juu ya kukodi baiskeli, wakizungumza kama watu wanaofukuzwa, na sauti hairudiwi. Walipokwisha kukubaliana bei na kuondoka na baiskeli yao, Balozi alikuwa bado anatafuta jina la mwanamke. Kwenye kusoma alipewa habari ndefu kuhusu popo, akaisoma yote, akatoka na huruma kwa popo na hana jibu hata moja. Kwenye kuandika akaombwa aeleze mchoro wa matumizi ya maji katika nchi tatu. Akaandika kwamba maji ni uhai. Akakwama hapo. Alama walizotaka kwa mume wa mtu zilikuwa chache, hazikaribii zile za Sista, lakini kompyuta ilipomjumlishia yake ilimshauri kwa upole aanze na masomo ya watoto.

Mwenye akili angechukua kitabu akasoma. Balozi alikichukua. Alikiweka mezani, akanoa penseli, akainoa tena, mpaka ikabaki kipande kisichoshikika.

Ni kinyozi aliyemletea habari. Alikuwa anamnyoa kisogo, akasema kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, kwamba mjini watu wanasema Balozi na mtu wa ndani wamekosana. Mtu wa ndani amehama. Sasa anapitia kwa Sista pale hospitali, naye hachukui watu ovyo. Yupo fundi bomba mmoja, hajui hata kusalimia kwa Kiingereza, ametoka na alama za kupeleka chuo kikuu.

Balozi alicheka mpaka wembe ukasimama. Akaenda kwake anacheka. Akaanza kula anacheka. Katikati ya kula akaacha kucheka, na chakula pia akakiacha.

Kweli, yeye ndiye aliyemtunga mtu wa ndani. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini kutunga kwake kulimzuia vipi mtu mwingine asiwepo? Ofisi kubwa kama ile, yenye wafanyakazi wengi vile, ikose hata mmoja mwenye njaa? Pengine yeye alibahatisha tu, kama mtu anayechimba shimo la taka akakuta maji. Na zile habari zote. Kipara mtu anaweza kuzua, sawa. Lakini penseli mbili? Nani angekaa chini akazua penseli mbili? Mfa maji haachi kutapatapa, na Balozi usiku huo alilala ameshika hizo penseli.

Alimkuta Sista nyuma ya wodi, kwenye kamba za mashuka, anakunja. Wakasalimiana vizuri. Balozi akaulizia wagonjwa, akaulizia wazazi wake, akaulizia mashuka.

"Nasikia una mtu," mwishowe akasema.

"Mwenye mtu ni wewe, mwalimu. Mimi nilikuwa mteja."

"Wangu tumekosana."

"Ndiyo, ameniambia." Sista akakunja shuka, akalilaza juu ya mengine. "Amesema unamtajataja ovyo kwa kinyozi. Hakupenda."

Balozi akainamisha kichwa. Aliona haya, haya ya kweli kabisa, mbele ya mtu aliyemtunga mwenyewe. Akamwomba Sista amwombee msamaha. Sista akasema ataona. Akakunja mashuka mengine mawili kwa utulivu wa mtu asiyehitaji biashara, na Balozi, ambaye utulivu huohuo ndio alioutumia kuwauzia watu mjini kote, akazidi kusihi. Alipotajiwa bei aliguna. Ilikuwa akiba yote ya kituo, na viatu juu yake. Akakubali.

"Ila ana sharti," Sista akasema. "Usijaze usichokijua. Acha wazi. Ukishajaza makosa, yeye ataandika wapi?"

"Na kwenye kuzungumza?"

"Ukikwama nyamaza. Sauti wataiweka wao."

"Sauti ya nani?"

"Ya mtu anayejua Kiingereza, mwalimu."

Balozi akatafakari, akaona ina mantiki. Bado kitu kimoja kilimkera, akauliza kwa aibu kama mteja yeyote: na akifeli je?

"Mtihani huu hauna kufeli," Sista akamjibu.

Akatulia kabisa. Lilikuwa jibu la mtu anayeijua kazi.

Siku ya mtihani Balozi alifika amepiga pasi suti na amevaa ndala juu ya soksi nyeusi, maana viatu vilishaondoka. Walikaguliwa, wakapigwa picha, wakabonyezwa vidole, wakanyang'anywa simu na saa, kila mmoja akapewa penseli ya ofisi. Balozi alipoiona ile penseli moyo ukampa kuwa ni mojawapo ya zile mbili. Ukumbini watu walikuwa wanatetemeka. Kijana wa mbele yake alikuwa anakariri kitu, midomo inacheza. Balozi aliwahurumia wote, maskini, watu wasio na mtu.

Kusikiliza kulipoanza, wengine waliinama wakaandika kama wanaoandika wosia. Yeye alikunja mikono akasikiliza tu, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Maswali mawili matatu aliyahisi anayajua. Penseli ikamwasha, akajizuia, akaogopa kumharibia mwenzake nafasi. Kwenye kusoma alisoma kichwa cha habari. Kwenye kuandika aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri sana, akapiga mstari chini yake, na kurasa zilizobaki akaziacha safi. Msimamizi, mama mwenye miwani, alimwinamia akamuuliza kwa sauti ya chini kama anaumwa. Balozi alimkonyeza.

Kwenye kuzungumza aliingizwa kwenye chumba kidogo chenye meza, mtahini, na kinasa sauti. Mtahini akamsalimia, akajibu. Akaulizwa anatoka wapi, akajibu, tena kwa sauti ya tumboni, na mtahini akaomba arudie. Kisha akapewa kadi: azungumze juu ya mtu aliyemsaidia maishani. Balozi akakitazama kinasa sauti. Akakisogeza taratibu kuelekea upande wa mtahini, akamwachia nafasi, akaketi wima, akanyamaza. Mtahini akamkumbusha kwamba muda unakwenda. Balozi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kumwonyesha kuwa anaelewa mambo. Kikarekodiwa kimya safi, kisicho na kosa hata moja.

Matokeo yalipotoka alikwenda duka la intaneti amenyoa. Alizisoma zile alama, akazima kompyuta, akaiwasha, akazisoma tena. Sehemu tatu, kila moja ilikuwa na yai zima. Kwenye kuzungumza alikuwa amepewa kidogo, nadhani kwa ajili ya salamu.

Alikimbia mpaka hospitali, ndala zinapiga lami. Sista alikuwa getini, hana sare, anaagana na wenzake. Mmoja alikuwa amembebea sanduku. Balozi alifika anahema, akamvuta pembeni.

"Sista, niambie kweli. Amesemaje? Karatasi yangu aliiona?"

"Nani?"

"Mtu wa ndani."

Sista alimtazama, akatafuta pa kukaa, akakalia sanduku lake. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, alimwambia baadaye, hata maneno ya kumjibu alikuwa nayo. Hili hakulitarajia.

"Kaka yangu," akasema, "si wewe ndiye uliyeniambia yupo?"

"Wangu hakuwepo. Nilidhani wako yupo."

Hapo Sista alicheka mpaka wenzake wakageuka. Alipopata pumzi akamweleza yote bila kuficha, tena kwa upole. Fundi bomba hakuwapo. Maneno ya mjini aliyaanzisha yeye, kwa mgonjwa mmoja mwenye mdomo, na mji ukamalizia. Pesa ya Balozi ililipa madeni ya wodini, ikalipa ada ya mtihani, ikamlipa mwalimu wa kweli aliyekaa anamsahihishia insha zake moja baada ya nyingine mpaka mkono ukauma. Nusu ile aliipata, na nusu nyingine juu yake. Leo anasafiri.

"Nilijua utagutuka," akasema. "Nilipokuambia usijaze kitu, nikasema sasa atagutuka. Wewe ukauliza sauti ni ya nani."

Balozi alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Mwosha huoshwa, hilo analijua kila mtu. Lakini yeye alioshwa kwa sabuni yake mwenyewe, tena akainua mikono ili kwapani pafikiwe. Akalibeba sanduku la Sista mpaka kwenye gari. Ilikuwa kazi pekee ya uaminifu aliyomfanyia, akaifanya vizuri.

Jumapili mchana simu ikalia. Balozi alikuwa kwa kinyozi, na alikuwa amejiandaa. Alikuwa na ofisi iliyoungua, alikuwa na mtahini aliyepooza ghafla, alikuwa hata na mafuriko. Lakini mkewe aliposema tu, "Yametoka?" na akamsikia anavyozuia pumzi kungoja, uongo wote ukamtoroka.

"Nimefeli," akasema.

"Mwalimu hafeli somo lake."

"Mimi si mwalimu, mke wangu. Sijawahi kuwa. Kituo ni chumba cha nyuma ya kinyozi. Nilikuwa nawauzia watu mtu asiyekuwapo, kisha na mimi nikauziwa huyohuyo."

Balozi alisikia mlango wa huko mbali ukifungwa. Mkewe alikuwa ametoka nje.

"Anaitwa nani?" mke akauliza.

"Nani?"

"Huyo mwanamke. Mwanamume hajitukani hivi ili asimfuate mkewe, kama hakuna mwanamke. Niambie tu jina, sitapiga kelele."

Akaapa. Akamtumia picha ya matokeo. Mke akasema karatasi kila mtu anapika, si yeye mwenyewe aliyemwambia mji huo unavyopika karatasi? Akampa simu kinyozi, naye kinyozi akathibitisha kwa moyo wote kwamba shemeji, huyu ni tapeli, mimi namjua. Mke akamjibu kwamba yeye siku zote humfichia rafiki yake mambo. Maisha yake yote Balozi alikuwa amesema uongo akaaminiwa. Leo amesema kweli na hakuna mnunuzi. Na sauti ya mkewe ilikuwa imeanza kutetemeka. Hilo ndilo hakuliweza.

"Haya," mke akasema, akivuta kamasi. "Unasema hukijui. Mimi huku nakisikia kila siku. Kiongee, nisikie."

Balozi akasimama. Akafunga vifungo vya koti. Angeweza kubabaisha makusudi, lakini hakutaka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzungumza Kiingereza akiwa na jambo la kusema. Akatoa chote alichokuwa nacho. Akamwambia kwamba anampenda. Akamwambia kwamba kitanda ni kikubwa, kwamba anakula amesimama, kwamba hakuna mwanamke mwingine wala hakutakuwapo, kwamba atasoma, hata kama ni na watoto. Yote hayo kwa kasi, kwa sauti ya tumboni, bila kituo wala mkato, jasho likimtiririka. Mkasi wa kinyozi ukasimama hewani. Mteja aliyenyolewa nusu kichwa akageuka kumtazama. Balozi akamaliza, akasubiri.

"Basi, mume wangu," mkewe akasema taratibu. "Basi. Nimeamini."

Kisha akaanza kucheka, kidogo kwanza, halafu kwa kishindo, kicheko kilekile kilichomfanya Balozi amwoe, na katikati yake akawa anamwambia kesho anunue kitabu, wataanza na salamu. Balozi, amesimama katikati ya nywele za watu, akaona afadhali acheke naye.